Taa Nyekundu ya Oili: Kuipata Swichi ya Presha, Kuipima na Kuibadilisha bila Kubahatisha

Wengi wanaouliza kuhusu taa ya oili wanakuja wakiwa wameshabadilisha swichi ya presha, kile kifaa kidogo cha kwenye injini kinachoiwasha taa hiyo. Imenunuliwa mpya, imefungwa, taa ikazimika siku chache kisha ikarudi. Wapo waliobadilisha tena na tena, na wapo walioambiwa "hiyo ni sensa tu, endesha", wakaendesha mpaka injini ikanoki.

Kinachowakwamisha karibu wote ni mpangilio wa kazi. Swichi inang'olewa kabla mtu hajajua kama presha ipo au haipo. Swichi ni kitu cha bei ndogo na injini ni kitu cha bei kubwa, kwa hiyo kazi yote hapa chini imepangwa ili upate jibu la swali moja kwanza: je, oili inasukumwa kwa nguvu inayotosha? Ukishalijibu hilo, mengine ni mepesi.

Mfano wangu mkuu ni magari madogo ya Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, yaani Vitz, IST, Probox, Raum, Ractis, na Premio na Allion za lita 1.5, kwa sababu ndiyo yamejaa barabarani kwetu. Hatua zenyewe zinafaa gari lolote lenye swichi ya waya mmoja. Magari yenye geji ya mshale au sensa ya waya tatu nimeyawekea sehemu yake karibu na mwisho.

## Kabla ya yote: zima injini

Taa nyekundu yenye alama ya birika linalodondosha tone ikiwaka wakati injini inafanya kazi, toka barabarani kwa usalama na zima injini papo hapo. Usijaribu "kuivuta tu mpaka gereji". Krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi zake havigusani moja kwa moja kwa sababu kuna utando mwembamba wa oili katikati yake, na utando huo unashikiliwa na presha. Presha ikipotea, chuma kinasaga chuma, na uharibifu huo hausubiri kilomita nyingi.

Kuna hali moja isiyo na hatari. Injini ikikuzimikia ghafla kwenye foleni na swichi ya gari (ya ufunguo) bado imewashwa, taa ya oili na ya betri zitawaka pamoja. Hiyo ni kawaida, kwa kuwa pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini ikisimama hakuna presha. Piga stata, zikizimika zote, tafuta kwa nini gari linazima na uachane na oili.

Pia usichanganye taa nyekundu na ya njano. Baadhi ya magari yana taa ya njano ya kiwango cha oili, ambayo inaonya kwamba oili imepungua. Nyekundu ni ya presha.

## Vifaa vya kuandaa

Viandae vyote kabla hujafungua chochote. Kazi hii inakwama katikati kwa kukosa kitu kimoja, halafu mtu anaanza kutumia koleo.

- Soketi ndefu namba 24, pamoja na kiendelezi chake. Swichi nyingi za Toyota hukaa humo. Baadhi ya magari mengine hutaka 27. Lazima iwe ndefu, kwa sababu soketi fupi inagonga kichwa cha plastiki na kukivunja kabla haijashika chuma.
- Multimita ya kawaida (kifaa cha kupimia umeme), hata ya bei ndogo.
- Kipande cha waya chenye vibanio pande zote mbili.
- Geji ya kupimia presha ya oili yenye mpira wake na viunganishi vyake. Ukikosa pa kununua, kodi au azima kwa fundi. Hiki ndicho kifaa wengi wanakiruka, na ndicho kinachotoa hukumu.
- Dawa ya kusafishia breki au mafuta ya taa, brashi ndogo na vitambaa visivyoacha nyuzi.
- Tochi, na kioo kidogo cha mkono.
- Jeki na stendi mbili imara, ikiwa itabidi uingie chini.
- Oili ya aina inayotakiwa na gari lako, lita moja ya akiba. Injini ya 1NZ-FE hutumia 5W-30, na hujaa kwa takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta.
- Gundi ya kuzibia nyuzi za skurubu, ikiwa swichi mpya haikuja na gundi yake.

Swichi mpya usiinunue bado. Itakuwa na nafasi yake.

## Hatua ya 1: Angalia oili yenyewe

Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika tano oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Usome mara hii ya pili, si ya kwanza.

Oili ikiwa chini ya alama ya chini, umeshapata mtuhumiwa mkubwa. Kwa magari mengi madogo, toka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Taa inayowaka kwenye kona, kwenye mlima au unapofunga breki, kisha ikazima ukinyooka, mara nyingi inasababishwa na hili: oili ni chache, inakimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu inavuta hewa.

Ikizidi alama ya juu nayo ni shida. Krankishafti inaipiga na kuifanya povu, na povu halishiki presha.

Nusa na uangalie rangi. Ikinuka petroli, imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Acha kazi hii na shughulikia gasketi ya silinda hedi au kipoza oili, kwa sababu kuwasha injini hiyo ili upime presha ni kuiongezea ugonjwa.

Utajuaje umefanikiwa: oili iko kati ya alama mbili, rangi yake ni ya oili, na unajua ilibadilishwa lini na kwa aina gani. Kama hukumbuki, ibadilishe pamoja na filta kabla ya kuendelea. Filta hafifu isiyo na vali ya kuzuia oili kurudi huacha mifereji tupu usiku, na asubuhi taa inachelewa kuzima.

## Hatua ya 2: Itafute swichi ilipo

Hapa ndipo watu wanapoteza saa nzima, kisha wanang'oa kitu kisicho chenyewe. Usitafute kwa kubahatisha; fuata njia ya oili.

Pampu inavuta oili kwenye sampu, inaipeleka kwenye filta, na ikitoka kwenye filta inaingia mfereji mkuu uliotobolewa kwa urefu wa bloku, yaani mwili mkuu wa injini. Swichi lazima iguse mkondo huo. Kwa hiyo anzia kwenye filta. Itazame nyumba yake na eneo lililoizunguka, halafu panda juu na pembeni ukifuata ukuta wa bloku. Usipoiona, nenda kwenye ncha za silinda hedi, kwa sababu watengenezaji wengine huipeleka huko.

Mifano michache itakusaidia kuelewa jinsi inavyohama. Kwenye injini za Subaru za EJ, zile za Impreza na Forester nyingi, iko juu ya bloku upande wa mbele, imefichwa chini ya altaneta. Kwenye Volkswagen nyingi iko kwenye nyumba ya filta. Kwenye magari ya General Motors yenye V8 ya lita 5.3 iko nyuma kabisa, juu ya injini, nyuma ya manifoldi ya hewa, na mkono haufiki kirahisi.

Unachokitafuta kina sura hii: kitako cha chuma chenye pembe sita kilichofungwa ndani ya bloku, juu yake kichwa cha plastiki, na kwenye kichwa hicho plagi ndogo yenye waya mmoja. Mara nyingi pamezungukwa na uchafu uliogandamana na oili. Safisha kwanza kwa brashi na dawa ndipo uamue. Tumia kioo na tochi kwa sehemu za nyuma, na kama gari lina kava ya plastiki chini ya injini, ivue ili uone kutoka chini.

Vitu vinavyofanana nayo:

Sensa ya noki iko pia ubavuni mwa bloku, na kwenye injini za zamani za Toyota nayo ina waya mmoja na imefungwa kwa nyuzi. Tofauti ni kwamba ni nzito, fupi, imefungwa katikati ya ukuta wa silinda, na waya wake mara nyingi una kinga ya kuzuia mwingiliano wa umeme. Sensa ya joto la maji ina nyaya mbili na inakaa karibu na thamostati. Ukiifungua utamwagikiwa na maji ya rejeta. Vali ya VVT-i, inayobadilisha muda wa kufunguka kwa vali za injini, ina nyaya mbili, umbo la silinda ndefu, na imeshikwa kwa bolti.

Onyo: ukiingia chini ya gari, stendi ndizo zinazobeba uzito, si jeki. Weka gia au P, vuta breki ya mkono, zuia matairi ya upande mwingine. Injini ipoe, mara nyingi bomba la ekzosi liko karibu na mkono wako.

Utajuaje umefanikiwa: umeishika kwa vidole, umehesabu waya mmoja, na ukichomoa plagi yake swichi ya gari ikiwa imewashwa, taa ya birika kwenye dashibodi inabadilika. Hilo linatuleta kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Upime waya kabla ya swichi

Swichi hii ni kitu rahisi sana. Presha isipokuwepo, ndani yake chuma kinagusa chuma na kupeleka waya kwenye bodi, yaani ethi, na taa inawaka. Presha ikipanda, diaframu (utando wa ndani unaonyumbuka) inasukumwa, mguso unaachana, taa inazimika. Ukiushika mpangilio huo, vipimo vifuatavyo vinajieleza.

Washa swichi ya gari bila kupiga stata. Taa ya oili lazima iwake.

1. Chomoa plagi ya swichi. Taa inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Fuatilia waya, hasa unapopita karibu na ekzosi, mabano ya chuma na mahali injini ilipowahi kufunguliwa. Swichi haina kosa.
2. Gusisha plagi hiyo kwenye chuma safi cha injini kwa kutumia kipande chako cha waya. Taa inapaswa kuwaka. Isipowaka, waya umekatika, fyuzi imeungua au taa ya dashibodi imekufa. Hapo pia swichi haina kosa.
3. Itazame plagi ndani. Ukikuta oili, swichi imepasuka diaframu na inavuja kupitia katikati yake. Hiyo inabadilishwa bila mjadala, lakini presha bado haijapimwa, kwa hiyo usiishie hapo.

Magari mapya zaidi hupeleka ishara kwenye kompyuta kwanza, na kompyuta ndiyo inaamua kuwasha taa. Kwa hayo kugusisha waya huenda kusiwashe taa papo hapo. Unahitaji mashine ya kusoma hitilafu. Toyota ndogo nilizozitaja hapo juu, za miaka ya 2000, hujibu kipimo hiki vizuri.

Utajuaje umefanikiwa: plagi ikichomolewa taa inazima, ikigusishwa ethi inawaka. Waya ni mzima.

## Hatua ya 4: Ipime swichi

Zima kila kitu. Weka multimita kwenye ohm. Ncha moja kwenye pini ya swichi, nyingine kwenye chuma cha injini kilicho safi.

Injini ikiwa imezimwa, isome karibu na 0. Ikisoma mzunguko uliokatika, swichi imekufa ikiwa wazi, na gari hilo lisingekuonya hata siku ambayo oili ingeisha. Hali hii ni mbaya kuliko taa inayowaka ovyo.

Sasa piga stata huku multimita ikiwa imefungwa kwa vibanio, mbali na mikanda na feni. Ndani ya sekunde chache inapaswa kuonyesha mzunguko umekatika. Ikibaki kwenye 0, kuna mambo mawili tu: swichi imeng'ang'ania, au presha haipo kweli. Multimita haiwezi kukuambia lipi kati ya hayo. Zima injini ndani ya sekunde kumi na uende kwenye geji.

Hapa ndipo wengi husema "basi ni swichi" na kwenda dukani.

## Hatua ya 5: Funga geji

Injini iwe ya baridi au ya uvuguvugu unapofungua. Chomoa plagi, weka soketi ndefu namba 24, fungua swichi taratibu. Oili kidogo itadondoka. Weka kitambaa chini.

Chagua kiunganishi kwa makini. Magari mengi ya Kijapani hutumia nyuzi za 1/8 BSPT, zenye nyuzi 28 kwa inchi. Baadhi ya magari ya Kimarekani hutumia 1/8 NPT, nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho zinafanana, na mzunguko wa kwanza na wa pili zinaingiana vizuri kabisa. Ukilazimisha baada ya hapo, unaharibu nyuzi za bloku au unapasua sehemu iliyoshikilia. Kiunganishi sahihi kinaingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuhitaji spana. Kikigoma mapema, kitoe.

Pitisha mpira wa geji mbali na mikanda, feni na ekzosi. Kaza viungio vyote. Mwambie mtu mwingine apige stata huku wewe ukitazama viungio, mkono wako ukiwa mbali. Ukiona oili inaruka, mwambie azime papo hapo. Oili yenye presha ikimwagika kwenye ekzosi ya moto inaweza kushika moto.

Mpaka hapa injini bado ni baridi, na presha ya baridi huwa nzuri hata kwenye injini iliyochoka, maana oili ni nzito. Iache ipate joto lake la kazi, mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima walau mara moja. Ila kama geji imebaki kwenye sifuri tangu mwanzo, zima mara moja, usiisubirie joto.

Soma mara mbili. Kwanza injini ikiwa silensa, bila kukanyaga mafuta. Pili kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, umeishikilia hapo kwa utulivu.

Kwa 1NZ-FE, presha ya silensa isipungue 49 kPa, ambayo ni takriban 7 psi. Kwenye mizunguko 3000 iwe kati ya 150 na 550 kPa, yaani 22 hadi 80 psi. Gari lako likiwa na injini nyingine, tumia takwimu za kitabu cha injini hiyo; usizibebe hizi.

Utajuaje umefanikiwa: unazo namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, zimesomwa injini ikiwa ya moto. Kuanzia sasa hakuna mtu wa kukuambia "nadhani ni sensa".

## Hatua ya 6: Namba zinasema nini

Presha ni nzuri sehemu zote mbili, lakini taa ilikuwa inawaka. Waya ulishaupima ukawa mzima, kwa hiyo swichi ndiyo mbovu. Kanunue.

Silensa iko chini, 3000 iko ndani ya kiwango. Taa hapa kwa kawaida hupepesa gari likiwa la moto na limesimama kwenye foleni, kisha inazima ukikanyaga. Swichi inafanya kazi yake sawasawa. Sababu za kawaida ni oili nyepesi kupita kiasi au iliyochoka, beringi zilizoanza kulika, au pampu iliyochoka. Badilisha oili na filta kwa aina sahihi, upime tena. Ikirudi pale pale, injini inahitaji kufunguliwa.

Zote mbili ziko chini. Usiwashe tena. Anza na mambo yasiyohitaji kuvunja injini, yaani oili na filta. Kisha fungua sampu, uitazame chujio ya kunyonyea ya pampu. Kwa magari yetu hapa ndipo ninapotilia mkazo: sampu nyingi zimewahi kufungwa kwa gundi ya silikoni iliyopakwa kama siagi ya harusi, ikajaa ndani, ikakatika vipande na kuvutwa mpaka kwenye chujio. Pampu nzima, beringi nzima, lakini mdomo umezibwa na vijipande vya gundi. Kuna pia tope jeusi la oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Ukikuta chujio ni safi, fuata vali ya kupunguza presha iliyoko kwenye pampu, ambayo huweza kung'ang'ania ikiwa wazi, halafu pampu yenyewe, halafu beringi.

Angalia pia sakafu ya ndani ya sampu unapomwaga oili. Chembechembe zinazong'aa, hasa za rangi ya shaba, ni beringi zinazosagika.

Presha imezidi sana. Vali hiyo hiyo imeng'ang'ania ikiwa imefungwa, au umetumia oili nzito mno. Filta inaweza kupasuka kwenye gasketi yake.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa sana ambao naupinga kwa nguvu zote: kuweka oili nzito, 20W-50 au dawa ya kuongeza uzito, ili taa izime. Itazima, ndiyo. Nafasi iliyolika kwenye beringi itabaki pale pale, na asubuhi oili hiyo itachelewa kufika juu kwenye kamshafti. Taa iliyokuwa inakutetea umeinyamazisha. Vivyo hivyo na dawa za kuosha injini kwa ndani kwenye injini yenye tope jingi: tope likibanduka kwa pamoja linakwenda kuziba chujio ile ile.

## Hatua ya 7: Funga swichi mpya

Sasa nenda dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ukiwa na swichi ya zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye simu. Namba za spea za Toyota kwa swichi za presha ya oili huanza na 83530. Linganisha vitu vitatu: nyuzi, urefu wa kitako, na umbo la plagi. Usikubali "hii inaingia zote".

Safisha tundu kwa kitambaa. Usipulize uchafu kuelekea ndani, na usiingize brashi ya waya.

Swichi nyingi mpya huja na gundi kavu ya rangi kwenye nyuzi. Hizo zifunge kama zilivyo. Isiyo na gundi, paka gundi ya kuzibia kwenye nyuzi mbili au tatu, ukiacha ya mwanzo kabisa wazi ili gundi isiingie kwenye mfereji.

Usizungushie utepe mweupe wa mabomba ya maji. Swichi ya waya mmoja inapata ethi yake kupitia nyuzi hizo hizo. Utepe unaweza kuikatia ethi, na taa isiwake kamwe. Na vipande vyake vikikatika vinaingia kwenye njia ya oili.

Anza kwa vidole mpaka ishike vizuri. Maliza kwa soketi, kwa nguvu ya takriban 15 Nm. Hiyo ni nguvu ndogo. Kwa spana fupi ni mkono wa kawaida, bila kuegemea. Nyuzi hizi ni za kuchongoka, zinajikaza zenyewe kadiri zinavyoingia, na anayetaka "kuihakikisha" kwa kuivuta zaidi ndiye anayepasua. Ukitumia gundi, iache saa moja ikauke kabla ya kuwasha.

Rudisha plagi mpaka isikike ikibana. Kama plagi ya zamani ilijaa oili, ioshe na dawa ya kusafishia na uikaushe kwanza.

## Hatua ya 8: Thibitisha

Washa swichi ya gari bila stata: taa inawaka. Piga stata: inazima ndani ya sekunde chache. Iache silensa mpaka gari lipate moto, ukitazama kwenye kitako cha swichi kwa tochi. Pasiwe na unyevu.

Endesha mzunguko mfupi wenye kona na mlima, urudi, uegeshe, uache injini silensa dakika kumi. Taa isipepese hata kidogo. Pima oili tena na uongeze iliyomwagika.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pitisha kidole chini ya swichi. Kikiwa kikavu, umemaliza.

## Gari likiwa na geji ya mshale au waya tatu

Land Cruiser na baadhi ya Hilux zina geji ya presha kwenye dashibodi. Kinachotuma taarifa hapo ni kikubwa kuliko swichi, mara nyingi chenye umbo la kopo, na ukinzani wake hubadilika kadiri presha inavyobadilika. Kipimo cha kugusisha waya kwenye ethi moja kwa moja usikifanye, utaiunguza geji. Weka balbu ndogo ya wati 3.4 katikati ya waya na ethi. Mshale ukisogea, geji na waya ni vizima, na mashaka yabaki kwa kitumaji. Hata hapo, geji ya mkono ya hatua ya 5 ndiyo inayoamua.

Sensa ya waya tatu inapewa volti 5 na kompyuta, ina ethi yake, na waya wa tatu unarudisha ishara. Chomoa plagi, washa swichi ya gari, upime: pini moja iwe na volti 5, nyingine ethi safi. Ukikosa kimojawapo, tatizo liko kwenye nyaya. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa P0520 ni kasoro ya mzunguko wa sensa, P0522 ni ishara ya chini mno, P0523 ni ya juu mno. P0524 ni tofauti kabisa na hizo: inasema presha ya oili yenyewe iko chini. Ukiiona hiyo, zima injini na uanze na kijiti cha kupimia.

## Ukienda kununua gari lililotumika

Kipimo hiki hakigharimu chochote. Wapo wauzaji wanaokata waya wa swichi ya oili, au wanaounganisha taa yake na ya betri ili ziwake na kuzima pamoja. Muombe muuzaji akuachie wewe uwashe. Washa swichi ya gari bila kupiga stata na uhesabu taa: ya birika lazima iwepo. Kisha fungua boneti, umwombe mwenzako aitazame dashibodi, uchomoe plagi ya swichi ya oili. Taa ya birika izime peke yake, ya betri ibaki inawaka. Ukiirudisha, iwake tena. Isipofanya hivyo, taka geji ifungwe mbele yako kabla ya kuzungumza bei.